Chaja Niliyoifuata Lodwar

Nilianza kuvuta sigara njiani, tulipokuwa tunakimbia kutoka Kongo, na miaka niliyofundisha shule ya msingi ndani ya kambi ya Kakuma nilikuwa namaliza pakiti nzima kwa siku. Mke wangu alikuwa amefariki. Nilibaki na binti yetu wa miaka tisa, tukilala chumba kimoja cha tofali za udongo na paa la bati. Binti huyo alikuwa na pumu. Mwaka 2012 ilimzidi mara mbili hadi akalazwa, na mara ya pili daktari aliniambia wazi, "Mwalimu, hata ukivutia nje, moshi unaingia nao ndani kwenye shati lako. Amua."

Dada yangu, ambaye alikuwa amehamishiwa ng'ambo, alipopata habari alinitumia sigara ya umeme. Ilikuwa bomba fupi la chuma, zito kama tochi, na ilikuja na chupa kadhaa za maji yenye ladha ya mnanaa, betri mbili za kuchomoa, na chaja. Kakuma nzima sikujua mtu mwingine aliyekuwa na kitu kile. Niliamini, kama alivyoamini dada, kwamba mvuke wake haumdhuru mtu. Leo nisingethubutu kusema hivyo.

Chaja ile haikumaliza mwezi. Umeme tuliupata kwa mfanyabiashara mmoja Msomali aliyekuwa na jenereta. Siku moja jenereta ilinguruma vibaya, taa za duka zikang'aa kupita kiasi, kisha tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Msomali yule alisikitika kweli. Alinitolea chaja ya kubana, ile ya betri za simu, tukaifunga betri yangu kwa mpira. Baada ya robo saa betri ilikuwa haishikiki kwa moto. Aliichomoa kwa kitambaa, akaitupa nje mchangani, tukasimama mbali tukiitazama.

"Wallahi, mwalimu, hii itatuchoma sisi na duka," alisema. "Nenda Lodwar. Huko kuna fundi wa tochi, anajua betri za namna hii."

Lakini mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali. Nilipanga foleni siku mbili, na karani aliponiuliza sababu ya safari, niliona haya kutaja chaja. Nilisema nakwenda kununua vifaa vya shule. Akanipa siku tatu. Binti nilimwacha kwa jirani yetu, mama mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa anasali nasi.

Fundi wa Lodwar alikuwa Mturkana wa makamo, ameketi barazani na meza yake ya tochi zilizofunguliwa. Nilimsalimu, "Ejok," akaitikia, akanisikiliza habari za binti yangu na chaja iliyoungua, akaipokea ile betri moja iliyobaki na kuigeuza mara mbili. Kisha akaweka chaja mbili mbele yangu. Moja ilikuwa nyepesi kama kiberiti. Nyingine ilikuwa nzito, na taa mbili, nyekundu na kijani.

"Hii nyepesi iko na haraka," alisema. "Masaa mawili, imejaa. Lakini haijui kuacha. Ukisahau, inaendelea kusukuma moto tu."

"Na hii nyingine?"

"Hii ni pole pole. Masaa sita. Ikijaa inajikata yenyewe, taa inakuwa kijani."

Nilisita sana. Jenereta ya kambini ilikuwa inawashwa na kuzimwa mwenye nayo anapotaka, na saa sita ni nyingi. Fundi hakubishana nami. Alichomeka zote mbili, akaniwekea betri kwenye ile nyepesi, kisha akanigusisha betri shavuni. Ilikuwa moto. Akaipumzisha, akaihamishia kwenye ile nzito, na baada ya muda akanigusisha tena. Ilikuwa na uvuguvugu tu.

"Unalala na mtoto chumba moja?" aliuliza.

Nilichukua ile nzito.

Siku niliyotaka kurudi, mvua ilikuwa imenyesha milimani, na mto wa mchanga ulioko njiani, mkavu siku nyingine zote, ukajaa. Pikapu yetu ilisimama ukingoni nyuma ya malori, maji mekundu yakipita na matawi mazima. Dereva alisema tungoje. Tulingoja siku hiyo, na ya pili. Betri iliisha asubuhi ya pili, na ukingoni pale hapakuwa na umeme. Kibali changu nacho kiliisha siku hiyo hiyo. Kurudi Lodwar sikuweza, maana kulikuwa na kizuizi cha polisi. Mbele kulikuwa na maji. Nilitembea kutoka lori la kwanza hadi la mwisho, nikageuka, nikarudi, chaja mpya ikinigonga ubavuni ndani ya mfuko. Mchana nilinunua sigara kwa mama aliyekuwa anauza chai. Nilivuta nne mfululizo.

Siku ya tatu maji yalipungua, tukavuka. Kwenye kizuizi cha kuingia Kakuma, polisi alisoma kibali changu mara mbili.

"Hii imeisha jana."

"Mto, afande. Waulize hawa wote."

Akafungua mfuko wangu. "Hapa imeandikwa vifaa vya shule. Viko wapi?"

Aliinua lile bomba la chuma, akalinusa, akaniuliza navuta dawa gani ya kulevya. Pikapu ikaondoka, mimi nikakalishwa kwenye kibanda cha bati hadi jioni. Mwishowe nilimweleza yote: pumu, dada, jenereta, fundi. Alinisikiliza, akaitazama chaja, akanirudishia vitu vyangu.

"Ungesema hivyo toka mwanzo," alisema. "Sasa mimi lazima niandike ulidanganya." Akaandika.

Nilipofika nyumbani kwa jirani, binti yangu alikuja mbio, akafika kifuani pangu, akasimama.

"Papa, unanuka sigara."

"Ni kweli. Nilivuta."

Hakulia. Alirudi akaketi kando ya yule mama, na jioni hiyo hakutaka kuja nyumbani. Nilifua shati langu mara tatu.

Chaja ilifanya kazi vizuri. Nilikuwa naketi dukani kwa Msomali nikisahihisha madaftari, nikiingoja taa ya kijani, na nyumbani sikuwasha tena sigara. Kufikia katikati ya mwaka 2013 maji ya dada yalikuwa yameisha, naye hakuweza kutuma mengine. Niliacha kwa sababu hapakuwa na cha kuvuta ila kile nilichokuwa nimekikataa. Wiki ya kwanza niliwafokea wanafunzi hata mwalimu mkuu akaniita.

Baadaye mwaka huo kliniki ilitaka binti yangu aonwe na daktari wa kifua Lodwar. Niliomba kibali cha kumpeleka. Karani alifungua faili, akasoma, akatikisa kichwa. Yule mama wa Sudan Kusini akaomba kwa jina lake, akapewa. Niliwasindikiza hadi kizuizini, nikasimama upande wa kambi mpaka gari lilipopotea.

Walirudi siku ya nne na dawa mpya ya kuvuta kwa mdomo. Binti yangu alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alinieleza Lodwar yote, maduka, taa za barabarani, soda baridi, kama mtu anayemweleza mgeni. Nilimsikiliza hadi mwisho, na sikumkumbusha kwamba mimi nami nilishafika huko.