Shuka la Kunizuia Nisianguke

Wewe unayesoma, umewahi kuogeshwa na mke wa mwanao, mlango wa bafu uko wazi, na mwanao mwenyewe kasimama koridoni anauliza, "Mmefika wapi?"

Mimi nimeogeshwa hivyo.

Kosa langu? Niliteleza bafuni mara moja, nikaumia nyonga. Nyonga ikapona. Wasiwasi wa mwanangu haukupona.

Nikiinuka, "Mama, kaa." Nikikohoa, "Mama, kaa." Na hapo nimekaa.

Akaja binti wa mazoezi ya viungo, katoka hospitali. "Bibi, unataka uweze kufanya nini?"

Nafungua mdomo tu, mwanangu kashajibu. "Anataka asianguke."

Haya. Binti akanifundisha kuinuka kitini bila kushika, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, na kutembea kisigino kikigusa vidole.

Alipoondoka, mwanangu akaboresha. Akanifunga shuka kiunoni, akashika ncha. Nikawa natembezwa sebuleni kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Kusimama kwa mguu mmoja nako, akaamua nifanye nimekaa.

Nikakaa. Wakienda kazini, nashika ukingo wa sinki la jikoni, nainua mguu. Kushoto, kulia. Mwanzoni nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Wakirudi wananikuta kitini, mpole kabisa.

Binti aliporudi kunikagua, akanikuta natembezwa na lile shuka. Akamtazama mwanangu. "Kaka, hebu simama wewe kwa mguu mmoja."

"Mimi? Mimi mwanamichezo."

"Wa kwenye televisheni," mkewe akasema.

Mwanangu akainua mguu. Kitambi kikatangulia kulia, naye akakifuata. Akaninyakua mabega kwa mikono miwili.

Sikuyumba.

Nilikuwa nimesimama wima, jitu zima limening'inia, ncha ya shuka iko sakafuni.

"Mama, usimwachie," mkewe akasema, kacheka mpaka machozi.

"Mwanangu," nikamwambia, "kaa."

Akakaa.

Wenye wazazi wazee, nisikieni. Wakiyumba, wasogezeeni kitu imara cha kushika, mkae karibu. Msiwashike nyinyi mpaka miguu yao isahau kazi.

Binti akaniuliza tena lile swali lake. Safari hii mwanangu alikuwa anahema, hakupata pumzi ya kunijibia.

"Nataka kuoga peke yangu," nikasema. "Na mlango niufunge mwenyewe."