Hatukunywa Sucré Yabo

Mama Laurentine anauzisha sombe, majani ya muhogo, pembeni ya bitenge byangu, hapa soko ya Kampemba, na kinywa yake haina mulango. Musiniulize kama ninamupenda. Tunagombana kila siku, lakini ukimugusa yeye, umenigusa miye Djamila.

Mbele guichet, dirisha ya banki ya kuwekea feza, ifunguliwe hapa soko, alikuwa anapeleka makuta yake mu ville, katikati ya muji, kwa miguu. Ba mwizi balimungojea njiani, bakamupasula mukono na kisu. Mpaka leo kidole ya mwisho haikunjike. Basi siku tulisikia banki ingine kubwa inataka kununua banki yetu, na guichet itafungwa, hakulia. Alikasirika kabisa.

Leta, ni kusema serikali, ikatuita mu sale ya paroisse, nyumba ya mikutano ya kanisa, kila muntu atoe maoni yake mbele bakubali ao bakatae banki yetu inunuliwe. Monsieur Guelor, mwenye kusemea banunuzi, akafika na makreti ya sucré, soda ya baridi. Joto ya mwezi wa kumi, acha tu! Mukono yangu ilikuwa imeisha kushika chupa.

"Weka chini!" Mama Laurentine akanikemea. Akasimama. "Bamama, tangu lini tunakunywa kinywaji ya mwenye kuja kuposa, na mutoto hatujakubali kumutoa?"

Kwetu nani hajue? Ukifungua chupa ya muposaji, umeisha kukubali. Bantu bakaanza kuweka chupa chini, moja moja. Papa mumoja alikuwa amefungua yake, akairudishia kifuniko, masikini, na haya yote usoni.

Monsieur Guelor akacheka. "Mama, ni sucré tu. Haina maana."

"Kama haina maana, juu ya nini uliileta?"

Ayayaya! Tukapiga bigelegele.

Mujumbe wa Leta akauliza: "Mama, munakataa kabisa?"

"Hatukatai ndoa. Lakini guichet ni mutoto wetu. Mwenye kumutaka akuje aishi naye hapa. Hapana kumubeba."

"Na kama tunafunga tu?" Guelor akasema. Sasa hakucheka tena.

"Fungeni. Kesho asubuhi soko muzima tunatoa makuta yetu yote. Mutakuwa mumenunua meza na biti."

Guelor akatuangalia, mustari kwa mustari. Hakuna mwenye aliinamisha kichwa. Akageukia mujumbe, akamwambia polepole: "Andika guichet inabaki."

"Sema kwa nguvu," Mama Laurentine akasema. "Bale ba nyuma habakusikia."