Injinia Aliyetaka Kusoma Watu

Kwa miaka kumi na sita Elisée alitengeneza mashine za kusaga mawe ya shaba katika kiwanda kimoja nje ya Lubumbashi, na kwa miaka kumi na mitano hakuwa na ugomvi nazo. Mashine ikiharibika, unajaza fomu: nini, saa ngapi, kipuri gani kibadilishwe. Bila kipuri, fomu haipokelewi.

Mwaka jana pampu iliungua kwa sababu Mwelwa, fundi wa zamu, aliisikia ikilia saa nzima asithubutu kumwambia mkuu wake, bwana wa kufokea watu mbele ya watu. Kwenye nafasi ya kipuri Elisée akaandika: woga. Fomu ikarudi na wino mwekundu: namba ya kipuri?

Hapo ndipo maradhi yalipomwingia. Alianza kusoma vitabu vya saikolojia ya kazi kwa kujificha, kama mtu asomaye barua za hawara. Chuo kikuu kilipokea maombi mpaka Ijumaa saa sita mchana. Dossier yake, faili la maombi, ikawa tayari.

"Peleka," alisema mkewe, Syntiche. "Lakini Baba Mukubwa asisikie kwa bantu ba inje. Umwambie mwenyewe."

Baba Mukubwa Adalbert, kaka wa baba yake na dereva mstaafu wa treni, ndiye aliyemsomesha Elisée baada ya baba huyo kufariki. Tangu Elisée awe injinia, ukoo mzima ulikula heshima ya cheo chake. Mama yake, katika mtaa wote wa Kamalondo, aliitwa Mama Ingénieur. Jina lake la ubatizo lilibaki na padri tu.

Jumatano ukoo ukaketi sebuleni kwa mzee kumsikiliza Elisée.

"Saikolojia? Ya kuchunga bantu ba wazimu?" aliuliza mama.

"Hapana, mama. Ya bantu ba kazi."

"Ba kazi beko na mushahara. Banaumwa nini tena?"

"Na mama yako tutamwita nani?" akadakia mzee. "Mama Mwanafunzi?"

Wakacheka, na kicheko cha ukoo ni hukumu isiyo na rufaa.

Wengine walipotoka, mzee alimshika mkono. Alianza na mvua. Kisha akasema, "Tangu nipate pension, kila siku saa kumi na moja ya asubui navaa uniforme ya treni. Nakaa apa kwa kiti mupaka jua inatoka. Sijaambia muntu."

Elisée hakutoa ushauri. Aliuliza safari ya mwisho ilikuwa ya wapi, akasikiliza. Mzee akasema saa nzima, akalia kidogo, akainuka mwepesi kama bwana harusi.

"Aksanti, mutoto yangu. Unaona? Hii kazi unaijua tayari. Masomo ya nini? Ubaki Ingénieur."

Elisée akamuaga kwa mikono miwili. Jibu lolote lingemjeruhi mtu aliyetoka kupona.

Hata hivyo, Ijumaa aliomba ruhusa kiwandani na kwenda chuoni. Alisimamisha gari mbele ya ofisi ya maombi zikiwa zimebaki dakika kumi kufika saa sita, injini ikinguruma, dossier mapajani. Simu ikalia.

"Ingénieur!" Ni mama. "Baba Mukubwa amelala muzuri siku mbili! Shangazi yako anakuja kesho, na mume wake. Nabo banataka ubasikilize. Nimebaambia saa tatu."

"Mama, niko—"

"Na mimi pia." Sauti ikashuka. "Tangu baba yako atutoke, hakuna muntu aliniuliza kama nalala."

Mlangoni karani alikuwa anatafuta ufunguo wa kufungia ofisi. Elisée alimtazama, akazima injini ya gari.

"Nakusikia, mama," akasema.