Stendi Namba Tatu

Saa nne na dakika tano asubuhi treni yangu iliingia katika mji ule wa Uingereza. Chama chetu cha ushirika huko Handeni kilikuwa kimenituma Londoni miezi mitatu kusomea utunzaji wa ghala. Jumamosi hiyo nilisafiri kumwuliza mdogo wangu Saidi swali la mama yetu aliyeko Chanika: atarudi lini? Barua tatu za mama hazikujibiwa. Saidi alikuwa muuguzi katika mji huo, na kwa simu aliniambia, "Kaka, nina nafasi mpaka saa tano kasoro dakika kumi tu. Ukishuka, nikute stendi namba tatu."

Getini nilimwuliza mama mkagua tiketi stendi namba tatu iko wapi. "Ni hapa hapa," akasema, akionyesha mlango wa kioo. Nje yake niliona nguzo zenye namba. Kule Korogwe, tunakopandia treni sisi wa Handeni, stesheni ni ya treni. Stendi ni uwanja mzima wa mabasi, tena mahali pengine. Nikaamini mji huu una stendi tatu au zaidi, na kwamba yule mama hakunielewa. Nikatokea mlango wa barabarani.

Saa nne na nusu nilikuwa nimeuliza polisi wawili. Wote walinielekeza nilikotoka. Niliandika maelekezo yao daftarini, yakalingana, nikazidi kuchanganyikiwa. Nikapanda teksi.

Dereva alikata kona kadhaa, akasimama penye mabasi. Juu ya paa niliona saa kubwa ileile niliyoiona nilipotoka stesheni.

"Lakini hapa ndipo nilipotoka!"

"Ndiyo, bwana. Treni mlango ule, mabasi mlango huu."

Saidi alisimama kwenye nguzo yenye namba tatu.

"Shikamoo, kaka. Umekodi teksi kutoka sebuleni kwenda barazani?"

"Marahaba. Hii nguzo ndiyo stendi?"

"Ndiyo hiyo. Kila nguzo stendi yake." Basi lake lilikuwa limeshawasha injini. Zilibaki dakika sita.

"Mama anauliza, utarudi lini?"

Alitazama viatu vyake. "Nimeoa hapa, kaka. Mtoto ana mwaka. Sirudi. Nilitaka nikueleze taratibu."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Mwanahawa. Jina la mama yetu."

Akapanda. Hatukufika kwenye jina la mkewe.

Saa tano na robo nilianza safari ya kurudi Londoni. Nilijifunza kwamba neno ninalodhani nalijua ndilo la kuuliza maana yake kwanza. Teksi ilinigharimu shilingi tatu na peni sita.