Siku Wifi Alipoingia kwa Baba

Nilimchukia wifi yangu mwaka mzima, na sababu ilikuwa ya kijinga. Baba alipopigwa kiharusi, mama alikuwa ameshafariki, na kaka, tangu serikali iruhusu biashara huria, alikuwa amehamia mpakani kuuza mitumba. Nyumbani kwetu Kinyala tulibaki watatu: baba kitandani, mimi wa darasa la saba, na mke wa kaka, ambaye kwa mila yetu sisi Wanyakyusa hakuruhusiwa kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akisikia tu kikohozi chake, huyo, ameshapotelea migombani.

Basi yeye alipika, mimi nikafanya mengine yote. Baba mdogo alikuja alfajiri kumwogesha, kisha akaenda zake kuchuma chai. Kumlisha, kumgeuza, kumtoa nje aote jua, ni mimi. Shuleni nilisinzia mpaka mwalimu akachoka kunichapa. Moyoni nilisema wifi amepata mila ya kufichia uvivu.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho sikuvaa sare. Baba akanitazama.

"Huendi?" Mdomo ulikuwa umepinda, maneno yakimtoka kwa shida.

"Nikuache na nani?" nilimjibu kwa ukali. Adabu ilikuwa imeniishia.

Akasema, "Mwite mkamwana wangu."

Nilidhani homa imempanda. Wifi alikuja hadi nyuma ya ukuta, akagoma. "Nikimwona, laana itanipata," akasema. Hakuwa anaogopa kazi, alikuwa anaogopa laana. Hapo ndipo nilipomwelewa, nikaona aibu.

Baba akamwambia kupitia dirisha, "Ingia, mwanangu. Wa kuheshimiwa ni mimi, na mimi nimekubali. Mtoto aende shule."

Aliingia kinyumenyume, kitenge usoni. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Geuka tu. Mzee mwenyewe ndiyo huyu, hakuna cha ziada."

Nilikimbia hadi shuleni vifungo vikiwa wazi, nikawahi.

Niliporudi jioni nilimkuta baba ameshiba, wifi anamsimulia habari za kwao Lupepo huku macho yake yakiwa sakafuni. Nikakaa kibarazani nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Nikangoja tena. Hakuna aliyenihitaji, na raha niliyoisikia ilinitoa machozi.