Kaka Yangu Ndiye Aliyeinyamazisha Pikipiki ya Mume Wangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa mtoto mmoja mdogo, nina miaka ishirini na saba, naishi Barani, Malindi. Nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu walioniumiza ni watu wangu wa ndani, na mmoja wao tumenyonya ziwa moja.

Mume wangu huchukua samaki Ngomeni kwa pikipiki, akawapeleka mahotelini. Kaka yangu ni fundi, na ndiye aliyemtilia kemshafti kali, kile chuma cha ndani ya injini kinachofungua valvu. Ile kali huzifungua zaidi, pikipiki ikapata nguvu mchangani hata na mzigo, ila valvu hugonga mtaa mzima ukasikia. Majirani walinuna. Mimi sikulalamika hata siku moja. Nikiisikia kwenye kona ya msikiti, natia tui zito chunguni, na akiingia chakula ki tayari. Nilijiona mke mwenye bahati.

Jioni moja nikamwuliza huku nacheka, "Mbona nimekusikia zamani, mpaka tui limekatika nakungoja? Ulipotelea wapi?"

Akasema alisimama kumsalimu rafiki. Wiki ile ile akaipeleka pikipiki kwa kaka, ikarudi imetiwa kemshafti ya kawaida, kimya kabisa. Nikamwambia, "Si utakuwa mzito njiani?" Akanijibu, "Nguvu zimepungua, lakini mwanangu apate kulala." Machozi yalinitoka kwa furaha. Nikapika biriani, nikampelekea kaka kumshukuru. Akaila yote.

Juzi nilikwenda kumtazama mama aliyejifungua, vichochoro viwili tu kutoka kwangu. Nyumba ya pili yake, naiona pikipiki ya mume wangu mlangoni, na mwenyewe barazani kajifunga kikoi, anamiminiwa chai na mwanamke nisiyemjua. Nilikwenda moja kwa moja gereji kwa kaka.

"Kaka, ulijua?"

Akaendelea kufuta mafuta mikononi. "Nilijua, dadangu. Nilimwambia hii ya kimya itakupunguzia mwendo, na samaki hawangoji. Akasema mwendo si neno, mradi asisikike. Nikaona bora usisikie kuliko nyumba yako ivunjike."

Bora nisisikie! Na mimi mjinga nilidhani wamekaa wawili wale wakapima nguvu na kelele kwa ajili ya usingizi wa mtoto wangu. Mume ameniumiza, lakini kaka ameniua. Wazazi wetu hawapo, yeye ndiye aliyeniozesha.

Sasa mume anaomba radhi. Anaapa atairudisha kemshafti ya kelele, eti nimsikie kila aendako, na wa kuifunga ni kaka yule yule. Kukaa siwezi. Lakini nikisema narudi kwetu, kwetu ndiko kwa kaka.

Nishaurini, ndugu zangu. Mizigo nimeshaifunga, iko mlangoni. Niipeleke wapi?