Rispah Alivyoinyamazisha Makro

Rispah alikuwa mlinzi kabla ya kuwa karani, na jua la getini alilijua vizuri. Ndiyo maana alipoulizwa kama anajua Excel alijibu, "Sana, sir," bila kupepesa jicho. Sana gani, jamani! Alijua kujumlisha tu. Lakini kampuni ile ya ulinzi pale Al Quoz, Dubai, ikampa kiti, kiyoyozi na kompyuta yenye makro, yaani programu ndogo aliyoitunga Zakayo, karani aliyehamia Doha. Unabonyeza kitufe kimoja, nayo inapanga nani akampokee nani zamu kwenye kila geti.

Mambo yalikwenda mpaka Septemba 2006, mapumziko ya wiki yalipohamishwa: Alhamisi ikaachwa, Jumamosi ikachukua nafasi yake. Rispah akaona hiyo kazi ndogo. Ukurasa wa walinzi wa akiba wanaoshika zamu za mapumziko, ulioitwa Alhamisi, akaubadilisha jina, akauita Jumamosi. Akabonyeza kitufe. Lo! Kikaruka kisanduku cha kosa, na mstari mmoja wa makro ukageuka manjano. Akafunga, akabonyeza tena, manjano yaleyale. Makro ilikuwa bado inautafuta ukurasa wa Alhamisi, na yeye hilo hakuling'amua. Nje Mubarak, dereva wa basi la jioni, alikuwa akipiga honi.

"Yalla, fanya haraka, dada, orodha!"

Jasho jembamba likamtoka ndani ya kiyoyozi. Amwite sir, meneja wake? Atajulikana alidanganya, arudishwe juani. Akahangaika mtandaoni mpaka akakuta mstari wa kuongeza, unaoiambia makro ikikuta kosa iliruke tu, iendelee. Akaubandika. Kimya! Orodha ikatoka safi, na Rispah akacheka peke yake kama mwehu.

Asubuhi sir akamwita. Tonny, mtoto wa shangazi yake Rispah, alikuwa amekutwa amelala kwenye geti la ghala. Alikuwa hapo tangu jana asubuhi, na hakuna aliyekuja kumpokea; mlinzi wa akiba wa kumpokea alikuwa kwenye ukurasa ule ambao makro iliuruka.

"Nampandisha ndege arudi Kenya," sir alisema. "Anasingizia orodha. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote."

Kunyamaza kulikuwa rahisi mno, na Rispah alikutamani kweli. Kisha akajikaza kisabuni.

"Ilionyesha, sir. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Sir hakufoka, na afadhali angefoka. Alimwambia Rispah kwamba Tonny atabaki kazini, kiti kitapata mwenyewe mwingine, na yeye avae sare akampokee zamu sasa hivi.

Tonny alikuwa ameegemea ukuta wa ghala, midomo imemkauka.

"Dada, nilidhani mmenisahau."

"Heri ningekuwa nimekusahau," Rispah alisema, machozi yakimtoka. "Niliona kuna kosa, Tonny. Nililiona kabisa, nikalizima."

Tonny akamkabidhi redio, akapanda basi bila kumuaga.